Mbachao na Msala Upitao

Wahenga wetu walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii husemwa kila siku, na aghalabu humwonya mtu asikitupe kilicho chake, hata kikiwa kikuukuu, kwa kutamani kizuri cha mpita njia. Lakini ni wachache wanaosimama kuitazama picha iliyomo ndani yake. Mbachao ni mkeka uliochakaa. Msala ni tandiko la kusalia. Basi wahenga walipotaka kunena juu ya mali, uaminifu na tamaa, hawakuchagua dhahabu wala ng'ombe, bali walichagua vitu viwili vya kukalia. Walijua kuwa tandiko la mtu hutoa habari zake: ametoka wapi, ana nini, na amewahi kumkaribisha nani.

Katika insha hii nakusudia kuziweka nchi mbili ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni nyika za Asia ya Kati, ambako wanawake wa Kiturkmeni hufuma mazulia ya sufu kwa kufunga mafundo kwa mkono. Ya pili ni Usambara, milima inayosimama juu ya Mombo na Korogwe, na ambayo Lushoto ni mji wake mkuu wa serikali; huko hakukuwa na desturi ya kufuma zulia la namna hiyo. Msomaji aweza kuuliza: kuna faida gani kulinganisha nchi yenye kitu na nchi isiyo nacho? Jibu langu ni kwamba katika karne ya 19 nchi hizi mbili zilipatwa na mambo yaliyofanana sana, na yale yaliyoipata nakshi ya zulia yanatusaidia kuelewa yaliyoipata historia ya milimani. Swali lenyewe ni hili: kitu kinapotoka mikononi mwa aliyekitengeneza, jina lake hubaki na nani?

Tuanze na maneno, maana lugha ni ghala la historia. Pwani ya Afrika ya Mashariki ina majina mengi ya vitu vitandikwavyo chini. Mkeka na jamvi hutengenezwa hapa hapa, kwa ukindu au kwa miyaa. Fundi huchana majani kuwa chane, huzitia rangi baadhi yake, husuka ukili mrefu mwembamba, kisha huushona ukili huo ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka mzima. Lakini zulia, busati na msala ni maneno yaliyosafiri baharini. Yote matatu yametufikia kwa njia ya Kiarabu. Vitu vyenyewe navyo vilipanda chombo. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba ya Uajemi na Maskati, yakileta tende, samaki wakavu, masanduku na mazulia, yakarudi na kusi yamejaa boriti za mikoko. Biashara hiyo ilionekana katika bandari za Unguja na Mombasa hata baada ya katikati ya karne ya 20. Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la mfalme Unguja, alieleza katika kumbukumbu zake zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi vyumba vya wenye mali vilivyotandikwa mazulia ya Kiajemi au mikeka laini. Twaona hapo kuwa zulia na mkeka viliweza kukaa katika nyumba moja bila kufukuzana.

Kwa mtu wa pwani, zulia lolote zuri lilikuwa la Kiajemi. Hilo lilikuwa jina la soko, na si jina la mikono. Nyuma ya soko la Uajemi kulikuwa na makabila mengi, na miongoni mwao walikuwa Waturkmeni, yaani Tekke, Salor, Saryk, Yomut, Ersari na wengineo, waliohama na kondoo na ngamia wao kati ya Bahari ya Kaspi na mto Amu Darya.

Kazi ya zulia lao yastahili kuelezwa. Mfumi hupigilia vigingi vinne ardhini, akatandaza kitanda chake cha kufumia sawasawa na nchi. Sababu yake ni ya mhamaji: siku ya kuhama ikifika na kazi haijakwisha, vigingi hung'olewa, kazi ikakunjwa na kupakiwa juu ya ngamia, ikaendelea kambi ya pili. Nyuzi za mtande hukazwa kwanza. Kisha mfumi huchukua uzi mfupi wa sufu, akaufunga kuzunguka nyuzi mbili za mtande, akaukata kwa kisu. Safu nzima ya mafundo ikiisha, hupitisha mshindio na kuushindilia kwa chanuo zito. Zulia jema la Tekke huweza kupita mafundo 2,000 katika desimita moja ya mraba. Maana yake, katika mita moja ya mraba mna mafundo zaidi ya 200,000, na kila moja limefungwa kwa vidole. Mfumi hodari akifunga maelfu ya mafundo kwa siku, bado mita hiyo moja humla mwezi mmoja na zaidi, naye huku apika, akama, alea watoto.

Rangi zilitoka katika nchi na katika biashara: nyekundu katika mizizi ya mmea, buluu katika nili, manjano katika majani na maua. Wekundu huo mzito ndio alama ya Waturkmeni. Wala hawakufuma zulia la sakafuni peke yake. Walifuma pazia la mlango wa hema, mifuko ya kutundika kutani iliyokuwa kabati zao, na pambo la kumvika ngamia wa bibi arusi. Kwa hiyo hema lilikuwa nyumba iliyofumwa, na mwanamke ndiye aliyekuwa mwashi wake.

Ukale wa ufundi huu ni mkubwa. Mwaka 1949 mchimbuzi wa Kirusi Sergei Rudenko alifukua kaburi la mtawala huko Pazyryk, katika milima ya Altai. Maji yalikuwa yameingia kaburini yakaganda, na barafu ikahifadhi zulia la sufu lenye upana wa karibu mita 1.83 na urefu wa mita 2, lililopambwa kwa safu za wapanda farasi na kulungu. Wataalamu hulihesabu kuwa la karne ya 5 au ya 4 kabla ya Kristo, na mafundo yake yapata 3,600 katika desimita ya mraba. Alilifunga nani, na wapi, hakuna ajuaye. Mfalme alizikwa na zulia. Mfumi wake hakuachiwa hata jina.

Hapa ndipo nakshi inapoingia katika hoja yetu. Katika uwanja mwekundu wa zulia la Kiturkmeni hupangwa safu za pembe nane au za umbo la msalaba, na kila umbo huitwa gul. Kila kabila lilikuwa na gul lake, hata mjuzi aliweza kulitazama zulia akasema, hili ni la Tekke, hili ni la Salor. Mwanamke wa Kirusi, Valentina Moshkova, aliyekusanya habari katika Asia ya Kati kabla ya Vita ya Pili na wakati wake, na ambaye kitabu chake kikubwa kilitolewa mwaka 1970 baada ya kufa kwake, alieleza jambo la ajabu. Alisema kuwa gul lilikuwa kama bendera. Kabila lililoshindwa vitani lililazimika kufuma gul la mshindi katika mazulia yake makubwa. Gul lake lenyewe lilishuka daraja, likabaki katika mifuko na vitu vidogo, na mwisho likawa pambo lisilo na maana. Hilo aliliita gul lililokufa. Wataalamu wengine wameyapinga maelezo hayo. Wanasema baadhi ya maumbo haya yalinakiliwa katika vitambaa vya hariri vya mijini, na kwamba makabila yaliazimana nakshi bila vita. Mimi naona hoja ya Moshkova yafaa kukumbukwa hata kama si sheria isiyovunjika, maana yatufundisha kuuliza, mbele ya kila pambo, ni nani aliyelazimika kulinyamazisha lake.

Kisha ulikuja mgogoro mkubwa zaidi. Januari 1881 jeshi la Urusi chini ya Jenerali Skobelev liliivunja ngome ya Geok Tepe, na maelfu ya Tekke wakauawa. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1880 kutoka Bahari ya Kaspi ilifika Ashgabat mwaka 1885 na Samarkand mwaka 1888. Zulia lililokuwa pambo la hema likawa bidhaa ya behewa. Rangi za viwandani, ambazo mzazi wake wa kwanza aligunduliwa London na William Perkin mwaka 1856, ziliingia katika masoko ya mashariki. Zilikuwa rahisi kununua, lakini nyingi katika zile za kwanza zilipauka juani na kuchuja majini. Na mazulia ya Tekke na Salor, yaliyouzwa katika mji wa Bukhara, yakapata jina jipya huko Ulaya: Bukhara. Mji ule haukuyafuma, uliyauza tu. Lakini jina la muuzaji likawa ndilo jina la kitu, na jina la mfumi likapotea njiani.

Sasa turudi kwetu. Wasambaa hawakukosa akili ya kufuma zulia, bali walikosa haja yake na malighafi yake. Kondoo wa asili wa nchi zetu ana nywele, hana sufu ya kusokotwa. Tena Msambaa hakuwa mhamaji. Aliishi milimani katika migomba yake, na katika fikira zake mlima ulikuwa mahali pa mvua na uzima, na nyika ya chini ilikuwa mahali pa kiu, homa na maadui. Mwenye nyumba iliyosimama hana haja ya nyumba iliyofumwa. Hata hivyo alikuwa na gul lake, nalo lilikuwa habari: habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, akaua simba, akafanywa mfalme, na kizazi chake, Wakilindi, kikatawala kutoka Vuga. Kila mtawala alitambuliwa kwa habari hiyo kama zulia linavyotambuliwa kwa nakshi yake.

Mfalme mashuhuri katika ukoo huo alikuwa Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Burton na Speke walipanda Vuga mwaka 1857, wakamkuta ni mzee sana. Enzi yake ilishuka kutoka milimani hata pwani kati ya Tanga na Pangani, ambako ilikutana na enzi ya Sultani wa Unguja. Kimweri alikufa mwaka 1862, na kwa kifo chake zulia likaanza kufumuka.

Mjukuu wake Shekulwavu alishika Vuga, lakini mwanawe Semboja hakukubali. Semboja alikuwa amekaa Mazinde, chini ya mlima, kando ya njia ya misafara. Hapo alipata bunduki, baruti na nguo. Alimwondoa Shekulwavu, akamweka mwanawe mwenyewe Vuga, lakini yeye hakupanda kwenda kukaa katika kiti cha wazee. Alibaki Mazinde na biashara yake. Hili ni tukio kubwa kuliko linavyoonekana. Tangu zamani mfalme alikuwa na nguvu kwa sababu ya mlima, mvua na kodi ya watu waliomtambua. Sasa mwenye nguvu alikuwa mwenye bunduki, na bunduki zilipatikana nyikani. Vita vya Wakilindi vikazaa mateka, mateka wakauzwa pwani, na watu wa milimani wakawa bei ya baruti iliyotumiwa kuwapiga. Yatupasa tukumbuke kuwa katika miongo hiyo hiyo Waturkmeni walikuwa wakiwateka Waajemi na kuwauza Khiva na Bukhara, katika masoko yale yale yaliyouza mazulia. Uzuri wa nakshi haufuti dhambi ya soko.

Methali yetu hapa inapata mfano wake wa kweli. Semboja aliuacha mbachao wa Vuga kwa msala wa Mazinde. Naye msala ukapita. Alikufa mwaka 1895, na mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa mtawala wa Vuga.

Kama Asia ya Kati, Usambara nayo ililetewa reli. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, na mwaka 1905 njia ikafika Mombo, chini ya Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Mwaka 1907 wilaya hiyo iliwekewa kadi za kazi: kila mwanamume mzima alitakiwa afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Majina nayo yalibadilishwa. Mwaka 1892 ofisa wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau la pande hizi; mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, na likaenea madirishani mwa Ulaya na Marekani kwa jina la ofisa huyo. Waliolijua ua hilo tangu utoto wao hawakuulizwa wao waliliitaje. Ndivyo ilivyokuwa kwa zulia la Bukhara.

Lakini jambo linalokaribia zaidi zulia letu ni katani. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya katani kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai ni 62 tu. Kutoka katika hivyo mashamba yakaenea katika tambarare za Tanga, Korogwe, Mombo, na Mazinde yenyewe. Nyuzi hizo zilisafirishwa ng'ambo kuwa kamba, magunia na mazulia magumu ya sakafuni. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 200,000, kisha nyuzi za viwandani zitokanazo na mafuta zikaivunja bei, kama rangi za viwandani zilivyouvunja wekundu wa Tekke. Basi milima isiyofuma zulia ilikaa juu ya tambarare iliyotoa nyuzi za mazulia ya watu wengine. Na mtu akanyagaye zulia la katani katika nyumba ya Ulaya hajui jina la Mazinde, sembuse la mkono uliokata jani.

Mtu akiishia hapa atadhani nasema kuwa kila kigeni ni hasara. Sivyo, na ushahidi wa kuyakana hayo uko Mazinde kwa Semboja mwenyewe. Semboja alikuwa na katibu aliyeitwa Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani, ambaye jina lake la mwisho laashiria Uajemi. Yeye, mgeni, mwandishi wa mtu wa nyikani, ndiye aliyekusanya masimulizi ya milimani na kuyaandika kwa Kiswahili. Sehemu za kazi yake zilipigwa chapa na wamisionari Magila kati ya 1895 na 1907, na Habari za Wakilindi ikatolewa upya mwaka 1962 kwa usimamizi wa J.W.T. Allen. Kama si msala ule uliokuwa ukipita, sehemu kubwa ya mbachao ingaliraruka. Methali haikusema tuuchukie msala. Ilisema tusiuache mbachao. Aliyeyaandika ya Vuga kwa kalamu ya pwani aliuheshimu msala na mbachao pamoja.

Walakini kitabu hicho kina upungufu ambao zulia hutusaidia kuuona. Ni habari za wafalme, na msemaji wake ni baraza la wanaume. Zulia la Kiturkmeni ni kumbukumbu iliyowekwa na wanawake. Hawakuandika, lakini hatuwezi kuieleza historia ya kabila lao bila ya vidole vyao. Kwetu, vidole vilivyosuka mikeka, vikapu na matandiko havijapata katibu wake. Nakshi za ukili zina majina, na kila jina lina kisa, na visa hivyo vimo vinywani mwa wazee. Siku hizi masoko yetu, tangu Tanga hata Lushoto, yamejaa mikeka ya plastiki yenye rangi kali, iliyochapwa maua ya mashine. Sina ugomvi nayo. Ni nyepesi, haili mchwa, na maskini huimudu. Nasema tu kuwa haina jina la mtu.

Waturkmeni waliipata nafasi ya kurudisha jina. Nchi yao ilipojitawala mwaka 1991 waliweka maumbo matano ya gul katika bendera yao ya mwaka 1992, na mwaka 2019 UNESCO iliutambua ufundi wao kwa jina lao, si kwa jina la Bukhara. Jina hilo lilirudi kwa sababu walikuwapo watu waliokwenda kambi kwa kambi, wakauliza, wakaandika, kabla wajuao hawajafa.

Hiyo ndiyo kazi iliyo mbele ya wanafunzi wetu. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, adabu na subira. Mwanafunzi anayerudi likizo nyumbani kwao Vuga, Mlalo, Bumbuli au Soni, au anayeteremka Pangani, na akae karibu na bibi yake asukapo, amwulize: ukili huu waitwaje, nakshi hii ulifundishwa na nani, na yeye alifundishwa na nani? Na aandike jina la bibi pamoja na jina la nakshi. Tusipofanya hivyo sasa, watakaokuja baada yetu watayakuta matandiko haya yamehifadhiwa kwa usafi katika nyumba za makumbusho, nayo yataitwa kwa jina la soko yalikonunuliwa.